Nakala ya Fundi Simu

Fundi simu wa Bigwa ana ukucha mmoja mrefu, wa kidole cha mwisho, anaofungulia simu za watu, na kabla hajasema neno huupuliza kwanza. Mama Luqmani, anayepika vitumbua mlango wa pili, humsikia kutwa akiwahubiria wateja kwamba noti ni makaratasi tu, hela ni bitikoini. Je, wakamuuliza, intaneti ikizimika dunia nzima? "Haifi! Kila kompyuta ina nakala ya daftari la hela hizo. Mtandao ukirudi zinasomana, maisha yanaendelea." Jumanne intaneti ikakatika mji mzima, na hadi Alhamisi fundi alikuwa bado kasimama barabarani, simu kaielekeza mlimani kama anayeomba mvua. Harufu ya vitumbua ndiyo iliyomrudisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vipi, hela zako bado zi hai?"

"Ziko salama kabisa. Ziko kila mahali."

"Hapa kwangu hazijafika."

Fundi akaupuliza ukucha, akabandua kava la simu yake, akachomoa noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne. Mama Luqmani akaikunjua taratibu, akaiinua juani.

"Kumbe nakala yenyewe ndiyo hii."