Kibofu Kilichopakwa Samli

Mimi ni mchinja ng'ombe wa Shinyanga mjini na majivuno ninayo, wala sioni haya. Limi anaitwa mtafiti leo, lakini utando wake wa kwanza aliupata kwangu.

Mwaka 1979 alikuwa msaidizi katika maabara ya maji. Kila akicheka alifunika mdomo kwa kiganja, maana maji ya kisima cha kwao yalimtia meno rangi ya chai tangu utotoni. Siku moja alikuja buchani.

"Shikamoo, Baba Kijakazi. Naomba kibofu cha ng'ombe."

"Marahaba. Wasukuma mmemaliza nyama sasa mnakula vibofu?"

Alicheka, kiganja mdomoni, akanieleza. Chuo kilitafuta kijana mmoja wa kusomea utando, yaani ngozi nyembamba inayopitisha maji na kuzuia vitu vilivyomo majini. Ijumaa wageni kutoka chuoni wangekuja maabara kuona kazi za waombaji. Utando wa kununua hakuwa nao, ila kibofu kingefaa.

Alikisafisha, akakiacha nyumbani kikiwa kibichi. Mama yake, Scolastika, mfugaji hasa, aliona ngozi inakauka bila mafuta. Akaifanyia hisani: akaipaka samli mpaka ikang'aa.

Ijumaa asubuhi nilipopita kumchukua nimpeleke maabara, Limi alikuwa ameiinua kwenye mwanga. "Mayu, mama yangu, samli imeziba njia ya maji." Mama aliketi chini akalia. Roho iliniuma. Nikarudi machinjioni mbio, nikaleta kibofu kingine.

Limi akasema, "Nabeba vyote viwili."

Kule maabara akavijaza asali, ambayo huvuta maji, akavifunga, akavizamisha kwenye mabeseni ya maji. Mimi nilisimama mlangoni na aproni yangu ya damu, hakuna aliyenifukuza. Kufika mchana kile kibichi kilikuwa kimevimba kwa maji yaliyoingia. Kile cha samli kilibaki vilevile.

Mgeni mmoja, mzee mwenye miwani, akauliza, "Wazo la kulinganisha na mafuta umelitoa wapi?"

"Kwa mama yangu," Limi akajibu, bila kupepesa macho.

"Na kwa nini unautaka utafiti huu? Vijana wengi wanataka udaktari."

Limi akatabasamu, mikono yake yote miwili ikiwa juu ya meza, wageni wakayaona meno yake.

"Nataka utando utakaozuia hiki kilichomo kisimani kwetu," akasema.

Mzee akavua miwani. Nafasi ikawa ya Limi. Nami jioni ile niliwapa wateja wangu nyama na habari, na hiyo habari sikuipima kwenye mizani.