Nyumba Iliyopimwa Kwenye Matone ya Bati

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi tuliyokwenda kupima nyumba ya mnyapara wa mume wangu. Mume wangu alitembea nyuma yangu, na nilivyomjua, njia nzima alikuwa akiomba tukute wenyewe wametoka. Mimi nilitangulia, futikamba niliyoazima kwa fundi cherehani nimeichomeka kwenye pindo la khanga. Hiyo ilikuwa Geita ya miaka ya hamsini. Mgodi ulinguruma mchana na usiku, watu waliingia kutoka kila upande, na mwenye nyumba ya bati alisalimiwa na watu asiowajua.

Acha nikueleze tulivyofika hapo. Marehemu mume wangu, Masanja, alinioa kwetu Shinyanga, akanileta Geita alipopata kazi ya shimoni. Tulipanga chumba kimoja. Baada ya mavuno mabaya, habari ilikuja kwamba baba yake amebaki peke yake kijijini, macho yamefifia, na hana wa kumchemshia uji. Masanja akasema tumlete. Nami nikakubali, maana mzazi wa mumeo ni mzazi wako.

Lakini wewe wajua mila zetu Wasukuma. Mkamwana na baba mkwe hawabanani mlangoni. Hawapishani kwenye ujia mwembamba, wala mmoja hasikii mwenzake akijigeuza kitandani. Mzee yule alihitaji chumba chake na mlango wake, heshima yake isiguswe hata kama macho hayaoni. Kwa hiyo kwangu mimi ukubwa wa nyumba haukuwa fahari. Ulikuwa adabu.

Ndipo siku ya gulio tukamsikia dalali mmoja, Hamisi, akiinadi nyumba. Sauti yake ilipita za wauza dagaa wote. Nyumba ya bati, lipu ndani na nje, futi arobaini kwa ishirini na nne, vyumba vinne na sebule, mwenyewe anarudi kwao. Masanja aliposikia jina la mwenye nyumba alinishika mkono. Alikuwa Mzee Bundala, mnyapara wake kule shimoni, Msumbwa mmoja mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi.

Jioni Masanja alinieleza jinsi tutakavyokaa. Chumba hiki chetu, kile cha watoto Mungu akijalia, kile cha wageni, na cha mwisho cha baba. Nyumba nzima aliijenga kichwani kwa zile futi za sokoni. Nilipomwambia twende tukapime, aliacha kula.

"Nyumba ya mkubwa wangu nikaipime?" aliniuliza. "Si nitakuwa nimemwita mwongo?"

"Hatumwiti mwongo," nikasema. "Tunataka kujua kitanda cha baba kitakaa wapi."

Mwanangu, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisemi kila kinachonadiwa ni kibaya, hapana, hata mbuzi mzuri hupelekwa mnadani. Ila ukisikia sauti kubwa sana, sogea uangalie kwa macho yako.

Basi tukafika. Mzee Bundala tulimkuta barazani kwake, na Hamisi yuko naye, ameshapewa chai. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Masanja akaamkia, akasimama akitazama vidole vya miguu yake. Tukaoneshwa nyumba. Ilikuwa nzuri, sikudanganyi. Sakafu imesuguliwa ikang'aa, madirisha yana mbao imara. Lakini nilipoingia chumba cha tatu nikahisi mabega yangu yanajikunja yenyewe. Na chumba cha nne hakikuwa chumba. Kilikuwa kipande cha baraza kilichozibwa kwa ukuta na kutiwa mlango.

Nikatoka, nikapiga goti tena. "Baba," nikamwambia Mzee Bundala, "naomba ruhusa yako tupime. Tuna mzazi tunataka kumleta, ni mtu mzima, haoni vizuri. Nataka nijue atalala wapi."

Hamisi alicheka. "Mchagua jembe si mkulima, mama. Nyumba ya mzee wa watu haipimwi kama kitambaa cha gauni. Futi nimeshazitaja, na gulio zima limesikia."

Masanja akanivuta khanga kwa nyuma. Nilijua anachofikiri: kesho atashuka shimoni na mtu huyu, naye ndiye anayempangia kazi. Lakini sikuinuka. Kuuliza si ujinga, na kuuliza kwa adabu hakujawahi kumvunjia mtu heshima yake.

Mzee Bundala akaweka kikombe chini. "Pimeni," akasema. "Na mimi nitaishika kamba upande mmoja."

Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Mwenye nyumba alishika ncha moja, mimi nikashika nyingine. Tukapima ukuta hadi ukuta, ndani. Urefu haukufika futi thelathini na tano. Upana ulikuwa kumi na tatu na kitu kidogo. Mzee akasema turudie, labda kamba imelegea. Tukarudia, ikawa vilevile.

"Hamisi," mzee akaita kwa sauti ya chini, "ishirini na nne uliipata wapi?"

Hamisi hakuona haya. Alitoka nje akaonesha ardhi, pale ambapo maji ya mvua yamechimba kijifereji chini ya bati. "Hapa," akasema, "kwenye matone. Mpaka matone ya upande ule. Mvua inaponyesha, mahali pakavu pote ni nyumba. Madalali wote wa hapa tunapima hivyo."

Yaani alikuwa amehesabu baraza, unene wa kuta, na hewa iliyo chini ya ukingo wa bati. Hakusema uongo kwa hesabu yake. Lakini nani analala kwenye matone?

Mzee Bundala akarudi kuketi. Nilidhani amekasirika, kumbe ameumia. Akatuambia kwamba na yeye aliinunua nyumba ile kwa fundi aliyeijenga, na fundi alimtajia futi zilezile, arobaini kwa ishirini na nne. Akazipokea, akazishika, akawa anawatajia watu. "Nimelala humu miaka yote hii," akasema, "nikidhani nina nyumba kubwa, na kila siku najiuliza kwa nini mke wangu analalamika vyombo havina pa kukaa."

Masanja akaona ndipo pa kuokoa mambo, akaanza kuomba radhi. "Mzee, tusamehe. Mke wangu hakukusudia. Nyumba inatutosha hivyohivyo, tutajibana."

Hapo ndipo mzee alipomgeukia. Maneno aliyosema sijayasahau, na ndiyo hasa yaliyonifanya nikuite uketi hapa.

"Masanja," akasema, "ulijua chumba kile hakimtoshi baba yako?"

"Nilijua, mzee."

"Ukanyamaza kwa sababu ni nyumba yangu?"

Masanja akaitikia kwa kichwa.

"Sasa nisikilize. Kama unaniogopa juu ya jambo la futi, hapa penye jua, na chai ipo, kule shimoni ukiona gogo linaloshikilia mwamba limelegea, utaniambia? Au utasema, huyu ni mkubwa, mwenyewe ataona? Tutafukiwa wote wawili, wewe na heshima yako. Mficha uchi hazai, kijana. Heshima si kumwacha mkubwa wako aendelee kukosea. Mkeo ameniheshimu kuliko wewe, maana ameniambia ukweli amepiga goti."

Masanja aliinamisha kichwa. Kisha, taratibu, akakiinua, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumza na mnyapara wake kama mwanamume na mwanamume. "Mzee, nyumba tunaitaka. Lakini tunaitaka kwa jinsi ilivyo, si kwa jinsi ilivyonadiwa. Na naomba tupime na kiwanja."

"Hayo ndiyo maneno," mzee akasema.

Tukapima kiwanja, jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka, na majirani wakaitwa washuhudie. Kiwanja kilikuwa cha kweli, hata kilizidi kidogo upande wa nyuma. Bei ikashushwa, wakaelewana pale pale, na Hamisi akatafuta kofia yake bila kumaliza chai. Kwa fedha iliyopungua kwenye bei tulijenga kijumba nyuma ya nyumba, kina mlango wake unaotazama mawio ya jua. Baba mkwe akaja. Aliishi humo miaka yake ya mwisho akiwa na amani, mimi nikimwekea chakula kizingitini na kukohoa kidogo ajue kimefika, naye akinibariki kwa Kisukuma bila kuniona uso. Masanja naye alibadilika. Baadaye wenzake shimoni walimchagua awe msemaji wao, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuuliza.

Basi, mwanangu, nawe sasa unatafuta nyumba, shika haya. Leo hawahesabu futi, wanahesabu mita za mraba, na tangazo limepambwa picha. Usilichukie tangazo, wala usiliabudu. Muulize anayeuza: umepima kutoka wapi hadi wapi? Umehesabu kuta? Umehesabu baraza? Umepima wewe, au uliambiwa na aliyekuuzia? Maana uongo mwingine hauna mwongo, unarithiwa tu kama jina la ukoo. Kisha pima mwenyewe, mchana, mbele ya mwenye nyumba, na umpe ncha ya kamba aishike. Kupima kwa kificho huzaa ugomvi, kupima kwa uwazi huzaa ujirani. Anayekataa kupimiwa, mshukuru kwa chai yake na uage. Na kabla ya yote hayo, jua nani atalala ndani, maana nyumba hununuliwa kwa ajili ya watu.

Nakuombea upate paa lisilovuja na majirani wenye kauli njema. Mungu akupe ulimi wa kusema kweli mbele ya wakubwa bila kuwavunjia heshima, na wazee wako wasikose pa kuweka ubavu. Nenda, mwanangu, na baraka zangu zikutangulie.