Kona za Kompyuta na Upepo wa Mtinko

Nilipaswa kukataa. Mwenyekiti wa timu alipokuja nyumbani kuniomba nichukue nafasi ya rafiki yangu ya ukocha, nilipaswa kumwambia, "Nenda kwanza ukaongee na mwenyewe." Badala yake nilimpa kiti, nikaagiza aletewe uji, na nikakubali kabla hajaumaliza.

Rafiki huyo nilisoma naye sekondari, tukalala bweni moja, tukarudi Mtinko kulima alizeti kwenye mashamba yanayopakana. Timu ya kijiji aliifundisha yeye tangu tukiwa na nywele nyeusi. Mimi sikuwahi kufundisha hata timu ya watoto. Nilichokuwa nacho ni kompyuta ya zamani aliyoniachia binti yangu, mwalimu wa Manyoni, aliponunua nyingine. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kuwa kocha. Mpira huuchezi wewe. Unapanga wachezaji, unachora mbinu, halafu unakaa kutazama vijitu vidogo vikikimbia.

Kilichoninasa ni kona. Kuna ukurasa unaoonyesha lango, na kila mchezaji unampa kazi yake. Nilijaribu wiki nzima, nikijaza daftari. Nikagundua kwamba ukimweka mtu mrefu mbele ya kipa amzibe njia, wengine wakakimbilia mlingoti wa karibu kuwavuta mabeki, na mpiga kichwa wako bora akatokea nyuma kwenda mlingoti wa mbali, magoli yanakuja. Niliona pia kwamba kadiri nilivyopeleka watu wengi mbele ndivyo nilivyofunga zaidi. Timu yangu ikachukua kombe kwa kona. Nikatamba kwenye kibanda cha chai, nikatamba mnadani, mpaka mwenyekiti akasikia.

Habari za uteuzi wangu rafiki yangu hakuzipata kwangu. Alizisikia sokoni. Tulipokutana njiani alishuka kwenye baiskeli.

"Shikamoo, kocha."

Tuna umri mmoja. Hatujawahi kuamkiana shikamoo maisha yetu yote.

"Usinifanyie hivyo, bwana."

"Nifanyeje? Mkubwa huamkiwa. Niambie kitu kimoja tu. Huko kwenye kompyuta upepo unavuma kutoka wapi?"

Nilidhani ni kijembe cha mtu aliyeumia, nikaendelea na njia yangu. Kumbe lilikuwa swali, na jibu lake kila mtu wa Singida analijua. Kiangazi upepo wa mashariki unakatiza uwanja wetu kuanzia mchana hadi jua linapozama. Ndiyo maana yeye miaka yote alipiga kona fupi: pasi ya chini kwa mtu wa karibu, kisha krosi kutoka jirani. Mimi nilikuwa nikiziita woga.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa na Kinyangiri. Kona yetu iliyopigwa kufuata upepo ilivuka vichwa vyote na kutoka upande wa pili. Iliyopigwa kuukabili ilisimama hewani, ikaanguka kabla ya mlingoti wa karibu, miguuni mwa winga wao. Watu wangu wote walikuwa mbele, kama nilivyowapanga. Winga alikimbia karibu uwanja mzima bila kuguswa na mtu, akafunga. Tukatoka tumefungwa moja bila.

Niliacha ukocha wiki ileile. Ingekuwa busara kwenda kwa rafiki yangu siku hiyohiyo, lakini aibu ilinishika miguu. Kamati haikumrudishia timu. Ilimpa mtu mwingine. Kwa hiyo nilikuwa nimemnyang'anya kitu na mimi mwenyewe sikubaki nacho. Miaka mitatu tulipishana barabarani, na kila mara aliinamisha kichwa: "Shikamoo, kocha." Afadhali angenyamaza.

Halafu mwaka jana, tulipomaliza kuvuna, nilikuwa uani napepeta alizeti nikasikia hodi.

"Habari za asubuhi, bwana?"

Nikaangusha ungo. Sikuwa nimeisikia salamu hiyo kutoka kwake kwa miaka mitatu.

"Nzuri. Karibu. Karibu sana."

"Hilo sanduku lako bado linapiga kona?"

"Linapiga."

"Lilete tuone."

Tulikaa ukumbini, kompyuta juu ya kigoda. Akavaa miwani.

"Huyu amesimama hapa kwa nini?"

"Anamziba kipa."

"Vizuri. Hawa?"

"Wanavuta mabeki."

"Na nyuma kabaki nani?"

Nikahesabu wachezaji kwa kidole kwenye kioo.

"Hakuna mtu! Mzee mzima! Ndiyo maana Kinyangiri walikuja kwako kama wamealikwa harusi."

Alicheka mpaka miwani ikamtoka. Nami nikacheka. Tukarudisha wawili nyuma, tukaweka mmoja nje ya eneo la hatari, na kona tukaifanya fupi. Ya kwanza ikapotea. Ya pili kipa akadaka. Ya tatu ikaingia, naye akanipiga bega kwa nguvu.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilipaswa kuja kwako kwanza."

"Ulipaswa." Hakuondoa macho kwenye kioo. "Haya, angalia, wameshaanza mpira."

Kifua changu kilifunguka siku ile. Siku hizi anakuja kila Jumamosi, tunabishana juu ya nani akimbilie mlingoti gani, na chai inapoa tusijue. Ninakula vizuri. Nikimwona njiani sitafuti tena kichochoro cha kupitia.

Lakini nilichopoteza hakirudi. Katika miaka ile mitatu mke wake aliugua muda mrefu, akafariki. Alikuwa shemeji yangu tangu ujana wetu, na sahani yangu nyumbani kwake ilijulikana. Sikwenda kumjulia hali. Siku ya mazishi nilimtuma mke wangu na debe la mahindi, mimi nikabaki nyumbani, kwa sababu sikuweza kumtazama mumewe usoni. Kaburi lake wengine walilichimba. Sikumuaga, na sikumzika.