Nilimwambia achome vitambaa vya Chunya, nusura nimuue yeye na mwanae

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Hili jambo nimelibeba wiki ya tatu sasa. Leo nalimwaga lote, hata pale panaponivua nguo. Sina sababu ya kudanganya maana mwenye aibu ni mimi.

Mimi ni Mhehe wa Iringa, nimeolewa Mbeya. Nina yadi ndogo, waokotaji wananiletea chupa za plastiki, chuma na waya.

Mnaoijua kazi hii mnajua haina mambo mengi. Waya unauchoma, plastiki inaungua, shaba inabaki, unauza. Kila kitu ni moto tu. Moshi? Unageuza uso pembeni. Hiyo ndo safety yetu.

Sasa kuna binti anaitwa Tusekile, anachambua mzigo kwangu, mtoto wake wa miezi tisa yuko mgongoni muda wote. Mchapakazi yule, maneno hana.

Siku moja lori likaleta chuma chakavu kutoka migodi ya dhahabu ya Chunya. Katikati ya pampu mbovu kulikuwa na kiroba cha vitambaa. Tusekile akanionyesha, vina vitone vinang'aa, ukitikisa vinakimbia.

Nikajifanya mjuaji.

"Zebaki hiyo mwaya. Wachimbaji wanakamulia dhahabu humo, haikosi chenga imebaki. Choma kama unavyochoma waya, zebaki itaruka dhahabu ibaki, ukipata kitu ni chako."

Jamani, nilidhani namfanyia wema!

Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya Mbeya isiyojua kukata. Akaenda kuchomea kwake. Chumba kimoja, mlango kafunga kwa ajili ya baridi, kikaango juu ya jiko la mkaa, mtoto kalala kitandani.

Kesho yake hakuja kazini. Nikapiga simu, anakohoa, mtoto ana homa. Nikamwambia ni baridi hiyo, nunua dawa ya kikohozi. Siku ya tatu nikaenda mwenyewe, na nilienda nimenuna, maana mzigo ulikuwa umelala.

Wakuu, nilichokikuta sitakisahau.

Tusekile mikono inatetemeka mpaka kikombe kinamshinda. Mtoto anapumua mbavu zinaingia ndani. Nikamuuliza ulichomea kwenye nini, akanyoosha kidole kwenye kikaango. Alikuwa kakisugua vizuri tu. Ndani yake kulikuwa na uji wa mtoto.

Nikaumwaga uji wote nje.

Tukakimbilia hospitali. Daktari akauliza nyumbani mmechoma nini. Tusekile akaniangalia kwanza, halafu akasema, "Mkaa tu."

Ananilinda mimi! Anaogopa nitamfukuza kazi.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikanyamaza. Nilikuwa nawaza polisi, nawaza yadi kufungwa. Daktari akaanza kuandika nimonia.

Mtoto akajaribu kulia, sauti haikutoka. Hapo ndo nikaropoka kila kitu.

Daktari akaweka kalamu chini akanitazama. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Akasema mvuke wa zebaki huuoni wala haunuki, unaingia kwenye mapafu mpaka kwenye ubongo. Kile chumba tusikirudie mpaka wataalamu wakikague, na kikaango hakifai tena kupikia kitu.

Mtoto akawekewa oksijeni. Siku ya tano akalia kwa sauti, kile kilio cha mtoto mwenye hasira. Wodi nzima tulishukuru.

Mama yake bado anatetemeka. Kifungo cha nguo ya mtoto hawezi kukifunga.

Nikamwomba msamaha. Sisi Wahehe kukiri kosa ni kazi, lakini nilipiga magoti pale pale wodini. Akanijibu taratibu, bila hasira hata kidogo:

"Lakini mama, ile zebaki ulijua mpaka jina lake."



Wenzangu wa yadi na majalala, Mbeya, Iringa, popote mlipo: si kila kitu kinachomwa kama waya. Na kulijua jina la kitu siyo kukijua. Mwokotaji akikuuliza jambo usilolijua, mwambie sijui. Mimi neno hilo lilinishinda.

Nyie wa Chunya, hivyo vitambaa huwa mnavipeleka wapi?

Na kama kuna nesi au daktari humu, mkono unaotetemeka hivyo huwa unatulia? Nitukaneni, nastahili. Ila hilo la mkono nijibuni kwanza, anasubiri nimpelekee jibu.