Ngozi Yangu na Washauri Wake

Mafuta ya ng'ombe yakichemka pamoja na maji ya majivu yana harufu ambayo, hata leo, ikinipita njiani hujikuta nimeshaanza kujikuna viwiko. Ndiyo harufu ya sabuni ya kupika nyumbani. Ninyi mliokua baada ya maduka kujaa hamuijui, na sina sababu ya kuwaombea muijue. Pale kwetu Kamunyonge, mjini Musoma, miaka ile ya uhaba, sabuni ya dukani ilikuwa habari ya kusikia tu, kwa hiyo akina mama walipika yao nyuma ya nyumba. Ilitoka nyeusi, laini kama matope, na ilikuwa kali kiasi cha kung'oa rangi ya kanga. Asiyekuwa nayo alifua kwa majani ya mpapai. Mimi niliogeshwa kwa vyote viwili.

Nilizaliwa na ngozi mbovu. Ilianzia kwenye mikunjo ya viwiko, ikaenda nyuma ya magoti, ikapanda shingoni. Ilikauka, ikapasuka, ikatoa maji, ikakauka tena. Niliwashwa. Niliwashwa kanisani, niliwashwa nikila, niliwashwa nikipigwa kwa sababu ya kujikuna. Na kila aliyepiga hodi kwetu aliingia mgeni, akakaa, akaniangalia, akawa daktari.

Jirani mmoja alisema ni upele, nipakwe salfa. Mama akanipaka salfa, nikanuka kama kiberiti. Mwingine akasema ni joto la mwili, nichemshiwe mwarobaini. Mzee wa kanisa alisema ni damu chafu. Wote, kabla ya kuaga, waliuliza lile swali moja kwa sauti ya upole: "Lakini mama Bwire, huyu anaogaga kweli?"

Bwire alikuwa kaka yangu mkubwa, mwenye ngozi nyororo kama kambale. Swali hilo lilimwingia mama kama mwiba. Wageni wakishaondoka, alijaza beseni, akachukua dodoki na ile sabuni yake nyeusi, akanisugua mpaka nikawa mwekundu. Nilipolia alisema, "Nyanjura, nyamaza. Watu watasema nakuachaga tu na uchafu." Asubuhi yake nilikuwa mbaya zaidi, na jioni nilisuguliwa zaidi.

Kisha akaja shangazi, dada yake baba, mwanamke asiyejua kushindwa. Aliniangalia mara moja tu.

"Ni samaki," akasema. "Huyu samaki wanamkataa."

Sasa, baba yangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Alivuka kwa mtumbwi wa injini kwenda kambi za wavuvi kisiwani Rukuba, akarudi na sato na dagaa, na nyumba yetu ilinuka ziwa kuanzia uani mpaka chini ya kitanda. Lakini neno la shangazi halikuwa na rufaa. Nikanyimwa samaki. Ngozi haikubadilika, basi nikanyimwa mayai. Haikubadilika, nikanyimwa maziwa, kisha karanga, kisha nyanya. Wenzangu walichambua vichwa vya sato, mimi nikala ugali na mchicha wa kuchemsha, nikitazama miiba kwenye sahani zao kama mtu anayetazama harusi kupitia dirishani. Nikakonda. Wageni wakapata swali la pili: "Na chakula, mnampaga?"

Likizo moja mama alinipeleka kwa mama yake, kijijini Mugeta, huko Bunda, kwenye ng'ombe na mashamba. Bibi alisikiliza orodha ya miiko yangu, akasema mtoto asiyekunywa maziwa ataishije, akanipa maziwa. Alinipaka samli mwili mzima kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Sabuni hakuwa nayo hata kipande, ya kupika wala ya dukani, na kuhusu dodoki alisema, "Mtoto si sufuria." Nilirudi Musoma na ngozi ya binadamu. Shangazi akatangaza kwamba ziwa ndilo baya, mama akashukuru Mungu, akaniogesha kwa furaha kwa sabuni mpya aliyokuwa ameipika nikiwa sipo. Kabla wiki haijaisha nikawa nimerudi nilikotoka.

Mwalimu wa zamu ndiye aliyegeuza mambo. Siku ya ukaguzi wa usafi alinitoa kwenye mstari mbele ya shule nzima, akasema nina upele, nitawaambukiza wenzangu, niende nyumbani nisirudi mpaka nipone. Nilitembea peke yangu mpaka nyumbani. Mama alinisikiliza, akafuta mikono, akavaa gauni lake la kanisani. Nilijua anakwenda kupigana na mwalimu. Kumbe alinishika mkono tukapita shule bila kusimama, tukaenda hospitali.

Tulikaa kwenye benchi mpaka jua likageuka. Daktari alikuwa kijana, mwenye macho ya kukosa usingizi. Mama hakumpa nafasi ya kusalimia.

"Huyu anaoga kila siku," akasema. "Namsugua mwenyewe. Hali samaki, hali mayai, hali karanga. Sasa niambie nimnyime nini tena. Maji?"

Daktari alinigeuzageuza mikono, akatazama nyuma ya magoti. Akauliza kama kuna mtu kwetu mwenye pumu. Baba alikuwa nayo. Akauliza kama kuna wakati ngozi hutulia.

"Akienda kwa bibi yake Mugeta."

"Huko anaogea nini?"

"Maji tu. Sabuni wataitoa wapi?"

Daktari akaeleza taratibu kwamba hii inaitwa pumu ya ngozi, kwamba haiambukizi, na uchafu hauhusiki. Ngozi yangu ilizaliwa haiwezi kushika unyevu wake, na ile sabuni pamoja na dodoki vilikuwa vinaivua hata ule kidogo iliokuwa nao. Niogeshwe upesi, kwa maji yasiyo ya moto, nipakwe mafuta ya mgando kabla sijakauka. Kucha zikatwe. Nivae pamba. Vyakula nirudishiwe kimoja kimoja, na tuangalie. Kwa mwalimu, akaandika cheti.

Mama aliweka mikono mapajani. "Kwa hiyo ugonjwa nilikuwa naupika mwenyewe," akasema. Daktari akasema hapana, alizaliwa nao, mama. "Na itapona lini?" Akajibu kwamba hutulizwa tu, wengine hukua ikawaacha. Njia nzima ya kurudi mama alinung'unika. Kutuliza ndiyo dawa gani? Na mafuta ya mgando yako wapi, mji mzima hauna hata mafuta ya kupikia?

Samli ikaanza kuja kutoka Mugeta kwa basi. Nilinuka jikoni. Nzi walinipenda, na shuleni nikaitwa Chapati. Lakini mipasuko ikafunga. Jioni niliporudishiwa samaki, familia nzima ilinizunguka kunitazama nikila sato, kila mmoja akisubiri nivimbe. Sikuvimba. Baba alisukuma sahani yake mbele. "Nalisha mji mzima samaki," akasema, "mwanangu anakula majani kwa neno la dada yangu." Ni mayai tu yaliyonitoa vipele mdomoni, na mayai tukayaacha.

Basi mngedhani yakaishia hapo. Ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Bidhaa zikamiminika kutoka ng'ambo ya mpaka, na baba, kwa furaha ya mtu aliyesubiri muda mrefu, akaniletea sabuni ya waridi inayonukia mpaka barabarani, na chupa ya mafuta ya rangi ya pinki. Tuliona samli imekwisha maishani mwetu. Nikaoga, nikajipaka, nikanukia kama bibi harusi, na kesho yake shingo yangu ilikuwa inatoa maji. Mama aliitazama ile chupa nzuri, akakaa juu ya kigoda, akacheka kwa hasira mpaka machozi yakamtoka. Vitu vilipokosekana niliumia, na vilipopatikana niliumia. Chupa akampa shangazi.

Mpaka nakua niliamini mama alikuwa amenichoka. Sauti aliyokuwa akinikemea nayo nisijikune haikuwa ya mtu anayependa. Nilikuja kuifahamu sauti hiyo siku nilipoisikia ikitoka kinywani mwangu, mwanangu wa mwisho alipoanza kukwangua nyuma ya magoti, na majirani wakaanza kupiga hodi. Walikuwa na ushauri wote ule ule, na wengine wameutoa kwenye simu. Usiku wa wageni wengi niliweza kumfokea mtoto, kwa sababu yeye ndiye pekee aliyekuwa hajanishauri kitu.

Mama alipokuja kututembelea, amezeeka, nilimuuliza wazi kama alinichoka siku zile. Hakutafuta maneno mazuri.

"Nilichoka sana," akasema. "Wewe ulikuwa unawashwa na ngozi, mimi nilikuwa nawashwa na watu. Na watu hawana mafuta ya kupaka." Kisha akamvuta mjukuu wake, ambaye alikuwa ametoka kuoga na bado anadondosha maji, akaniambia nisisimame hapo nimezubaa, nilete mafuta, ngozi inakauka.