Baba Mkwe Ndani ya Behewa

Asubuhi hiyo niliamka nikiwa nimeichukia Tukuyu. Sikuwa na sababu kubwa. Mvua ilikuwa haijakatika, shati langu lilinuka uvundo, na mwenye nyumba niliyejibanza kwake alikuwa ameanza kuguna kila aliponiona nanawa uso. Nikavaa viatu, nikatoka. Sikuaga, na sikujua naelekea wapi. Tangu nilipoacha shule darasa la sita ndivyo nilivyo: miguu hutangulia, akili hufuata nyuma ikiuliza maswali.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Kila mtu alikuwa anauza kitu. Waliokuwa makarani wa ushirika waliuza mitumba, walimu waliwauzia maandazi wanafunzi wao wenyewe, na stendi palikuwa na bwana mmoja anauza dawa ya kutibu minyoo, wivu na mkosi, chupa hiyohiyo. Neno mjasiriamali ndiyo kwanza lilikuwa limetufikia, na watu walilitamka kwa sauti ya chini kama wanataja askofu.

Pale stendi nikamkuta fundi cherehani ninayemfahamu, mtu ambaye babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, akazikwa hukuhuku kwenye baridi. Alikuwa amekaa ndani ya basi lenye kitambaa cha maandishi ubavuni, kofia imenyooka kichwani.

"Panda wewe," akaniita. "Mmoja kaogopa mvua, nafasi ipo."

"Mnakwenda wapi?"

"Kupanda treni Mbeya. Tunakwenda kutazama watu wema."

"Wema wa nini?"

"Wanaofanya biashara na faida wanawapa wenzao. Mimi tangu nizaliwe sijamwona hata mmoja, ndiyo maana nakwenda."

Nikapanda. Msimamizi alikuwa mama mmoja wa Dar es Salaam mwenye filimbi shingoni. Hakuniuliza jina. Alinipa fulana, akaniambia mimi ni kijana mwenye ndoto. Shirika lake, alieleza, limekodi behewa zima. Njiani wajasiriamali wa kuigwa watapanda, watatusimulia walivyoinua jamii zao, kisha tutalala Mlimba na kurudi. Na sisi wasafiri, mwenye mradi wake aueleze. Mmoja utakaowagusa wafadhili, shirika litausaidia.

Kwenye treni nilikaa na mwanamke wa kijiji cha Kisiba ambaye mumewe alikuwa dereva wa malori ya Zambia. Huyo alikuwa na mradi. Kwetu ndizi hazikauki juani, kwa sababu jua lenyewe hatuna. Yeye aligundua kwamba tanuri la matofali likishachomwa hubaki na moto mrefu unaopotea bure. Akatengeneza chanja, akazipanga juu ya tanuri, akaanika ndizi zilizomenywa. Wanawake wenzake wakaanza kuleta mikungu, zikikauka wanazisaga. Unga mwingine waliuuza sokoni, mwingine waliupika uji mwepesi wakawapelekea majumbani wagonjwa wa ugonjwa ule ambao wakati huo hatukuutaja.

"Ninachotaka ni banda tu la bati juu ya tanuri," aliniambia. "Mvua ikinyesha tunakimbia na chanja kichwani kama wezi. Nikisema hivyo watanielewa, kaka?"

"Watakuelewa, dada."

Alikuwa anayarudia maneno yake midomo ikicheza bila sauti, kama mtoto anayekwenda kipaimara.

Mwema wetu wa kwanza alipanda Chimala. Aliwafundisha wajane kutengeneza sabuni. Alizungumza vizuri hata msimamizi akajifuta machozi. Baadaye nilimfuata chooni kwa udadisi wangu tu, nikamkuta ananawa. Alitoa mfukoni sabuni ya dukani ya nje, ya rangi ya waridi, akanawa hadi viwiko. Ile ya wajane alikuwa ametuachia sisi, kila mtu kipande. Nilikinusa cha kwangu. Kilinuka mafuta ya taa.

"Mwema wa kwanza huyo," nikamwambia fundi.

"Subiri, safari ndefu."

Baada ya Makambako reli inaanza kushuka, mahandaki yanafuatana. Chakula kiligawiwa, kuku aliyeelea kwenye mafuta baridi. Ndipo mlango wa behewa ulipofunguka, akaingia mzee mwenye koti la kijivu, Mnyakyusa aliyehamia Mlimba kulima mpunga. Huyo ndiye mwema wa pili na mwenyeji wetu wa Mlimba, alikuwa amekuja kutupokea njiani. Kabla hajasalimia mara ya pili, jirani yangu alikuwa ameshateremka sakafuni kati ya viti, kanga kichwani, uso kaupeleka ukutani.

"Kaka, nisitiri," alinong'ona. "Huyo ni baba wa mume wangu."

Kwa Wanyakyusa wa vijijini, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Akimsikia njiani huingia migombani mpaka apite. Hasemi naye, hali naye, halali naye chini ya paa moja. Na mzee naye ana wajibu wake: hukohoa kabla ya kukata kona, au hushika njia nyingine. Ni heshima ya pande mbili.

Yule mzee hakukohoa. Aliitazama ile kanga sakafuni, nikamwona akiitambua, kisha akaegemea mlango, ambao ndio ulikuwa njia pekee ya kutokea, na akaanza hotuba. Alieleza habari za tanuri. Chanja. Uji wa wagonjwa. Yote alisema ni yake, yaliyomjia kwa maombi.

Fundi, aliyekaa mbele yetu na kusikia mnong'ono ule, akasimama. "Mzee, niwie radhi. Mkwe wako yuko hapa chini. Si desturi yenu kumpisha?"

"Mambo ya kijijini yanabaki kijijini, bwana," mzee akacheka. "Hii ni treni."

Tukaingia handaki, giza likatufunika. Tulipotoka kwenye mwanga, msimamizi alikuwa amesimama juu yetu, mfupa wa kuku mkononi.

"Mama, inuka! Wanawake wa leo hatujifichi! Mtazame shujaa!"

Akaishika kanga kwa vidole vya mafuta, akaivuta. Akina mama wawili Wanyakyusa wa Ikuti walioketi nyuma walipiga ukelele wakafunika macho yao wenyewe. Mwanamke wa Kisiba alibaki kichwa wazi, mafuta ya kuku yanamng'aa utosini. Aliinuka polepole, akageuka, akamtazama mzee usoni. Sidhani kama alikuwa amewahi kumwona pua.

"Shikamoo, baba."

Mzee aligeukia dirisha.

"Tanuri hilo liko kwangu Kisiba. Ulikuja kututembelea, ukanywa uji wake barazani, mimi nimejificha jikoni. Umeniona sasa na hukuondoka. Basi nisikilize: ni langu, na la wenzangu."

Hapo msimamizi akapiga filimbi kwa furaha.

"Kumbe ni familia moja! Baba na binti! Makofi jamani!"

Na watu wakapiga makofi. Mzee aliiona njia, akaingia nayo. "Ndiyo, mradi wa familia," alisema, akauweka mkono wake begani kwa mkwe wake ili wapigwe picha. Mkono mzima, mbele za watu. Nikatoa kichwa dirishani, nikaitapikia milima ile nyama ya kuku. Niliporudi, msimamizi alikuwa anatangaza kwamba banda litajengwa, na litajengwa Mlimba kwa mzee, mahali wafadhili wanapoweza kufika kwa treni.

"Matofali hawachomi kwake," mwanamke alisema. Hakuna aliyeuliza maana yake.

Fundi aliketi, akavua kofia, akaikagua kwa ndani. "Nimewaona sasa watu wema," alisema. "Inatosha." Mimi nikavua fulana yao, nikaitundika kwenye ndoano ya mizigo, nikavaa shati langu lenye uvundo.

Tulifika Mlimba giza linaingia. Joto lilitupiga kama mlango wa tanuri. Wengine wote walikwenda kulala kwa mzee, wakiimba. Mwanamke alibaki amesimama karibu na reli na furushi lake, nasi tukabaki naye. Hatukuijua hata njia moja ya mji ule. Tukauliza, tukaelekezwa, tukapotea kwenye vinu vya mpunga, hadi tukafika nyumba ya wageni ya mama mmoja ambaye, aliposikia sauti zetu, alitusalimu Kinyakyusa kabla hajatuona.

"Mbona hamko kwa mzee? Wageni wote wako huko, ng'ombe amechinjwa."

"Mimi ni mke wa mwanawe," mwanamke akasema.

Mama yule alichukua taa ya chemli, akatutangulia ukumbini. "Nina chumba cha uani, mwanangu. Huku mbele mkweo hupita kila asubuhi akienda shambani. Kule nyuma hamtaonana."

Mwanamke hakumfuata. Alikuwa ameweka furushi mbele ya mlango wa kwanza, wa chumba chenye dirisha la barabarani.

"Nipe hiki," alisema. "Na pazia uliondoe."

Mama akampa ufunguo. Mimi na fundi tukachukua cha uani. Kilinuka pumba na mkojo wa panya, na godoro lilikuwa na doa ambalo sikutaka kulijua. Fundi aliligeuza upande wa pili. Ulikuwa mbaya zaidi, akalirudisha, tukalala.