Hasira ya Bi Pilipili

Watu wakija kumtazama shangazi yangu akimwagilia nyanya zake kwenye mabeseni, huuliza swali lilelile: "Mama, wazo hili ulilipata wapi?" Kisha husubiri wakitabasamu. Nadhani wanataka kusikia kwamba alioteshwa, au kwamba alipenda mimea tangu utotoni. Shangazi huwakazia macho na kujibu neno moja tu, "Hasira," halafu huyo anaendelea na kopo lake la maji. Wao hucheka wakidhani ni mzaha. Mimi niliyeishi naye chumba kimoja sicheki.

Shangazi alifua mashuka ya hospitali mpaka mgongo ukamshinda. Alipostaafu tulipanga chumba katika ghorofa ya juu kabisa, mlango unatazamana na ngazi ya kupandia kwenye paa. Siku moja akanunua nyanya sokoni. Za juu zilikuwa zinang'aa, za chini zimeoza zinachuruzika. Alipozirudisha, mchuuzi alimcheka mbele za watu. Shangazi alirudi, akapanda moja kwa moja kwenye paa na kuzivurumisha nyanya zile ukutani mwa tangi la maji, huku akimtukana mchuuzi, soko lake na mzani wake.

Mvua zikanyesha. Alipokwenda kuanika nguo alikuta miche imeota kwenye tope lililojikusanya chini ya tangi. Alisimama mikono kiunoni, akaitazama kama aliyetukanwa upya.

"Kumbe vitu vyenyewe vinaota bure hivi," aliniambia, "na mimi nilikuwa nanunua uozo!"

Toka hapo sikupumzika. Mabeseni yaliyotoboka, ndoo zisizo na mpini, sinki la jikoni tuliloliokota jalalani, vyote vilipanda ngazi mgongoni mwangu. Udongo tuliutengeneza wenyewe. Asubuhi kila mlango wa jengo ulitoa nje ndoo ya maganda, shangazi akapita kuyakusanya na kuyafukia kwenye mapipa pamoja na majani makavu, yakaoza taratibu mpaka yakawa udongo mweusi. Malipo yake yalikuwa fungu la mchicha kwenye kitasa cha mlango. Hata aliyemnunia alilikuta fungu lake. Majirani wakamwita Bi Pilipili, kwa kile alichokipanda na kwa ulimi wake, na hakuna aliyebisha kwamba jina limemkaa.

Ndipo mwenye nyumba akaja, funguo zinalia kiunoni.

"Mama, paa si shamba. Harufu, inzi. Wapangaji wanalalamika. Wiki ijayo nataka nikute peupe."

"Wapangaji gani?"

Alimtaja mmoja tu, fundi cherehani wa ghorofa ya pili.

Niliona giza. Fundi yule yule aliyekuwa akitupigia kelele ngazini, "Dada, leo mbona umenisahau?" mchicha ukichelewa! Shangazi aliichukua ndoo ya maganda ya fundi mwenyewe na kuteremka nayo, mimi nyuma namshika kanga asije akammwagia mtu. Tulimkuta ameinama juu ya cherehani, pua karibu iguse sindano.

"Inanuka?" Shangazi alimsogezea ndoo usoni. "Ni ya kwako hii. Vuta pumzi vizuri."

Fundi aliacha kushona. "Dada, nisamehe. Mwenye nyumba aliniahidi kile chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa. Macho yananiishia. Humu nashona kwa kupapasa."

"Ungeniambia unataka mwanga, ningekuja kukushikia taa mimi mwenyewe. Ukaona bora uniuze."

Shangazi aliitua ndoo katikati ya vitambaa vyake, tukapanda zetu. Njia nzima nilimlaani yule mtu kwa sauti, na sikujali nani anasikia.

Kabla wiki haijaisha mwenye nyumba alirudi, safari hii meno nje. Jumapili alikuwa na wageni. Walitaka kukodi vyumba vya wafanyakazi wao, na alikuwa amesikia kwamba wanapenda sana mambo ya mazingira.

"Kwa hiyo bustani iache kwanza," alisema. "Nitawaonyesha, nitawaambia ndivyo jengo letu lilivyo. Wakishaondoka, unaiondoa kama tulivyokubaliana."

"Na mimi?"

"Wewe pumzika zako chumbani, mama. Usihangaike kutoka. Unajua mwenyewe ulimi wako."

Shangazi hakujibu. Nilimjua akitukana, nilimjua akirusha vitu, lakini kimya kile sikukijua, na kilinitisha. Mimi mwenyewe nilitamani kumsukuma yule bwana ngazini.

Jumamosi tuliyashusha mabeseni yote. Kila mlango uliokuwa ukitoa maganda ulipata beseni lake, na mmea wake, na maelekezo makali ya kumwagilia. "Udongo ni wenu," shangazi aliwaambia. "Mmeumenya wenyewe." Tulipofika kwa fundi nilipita moja kwa moja.

"Rudi," alisema.

"Shangazi, huyu?"

"Maganda yake yamo humu. Weka."

Niliweka, kwa kubamiza. Aliniacha nibamize.

Jumapili wageni walipanda ngazi zilizojaa nyanya na pilipili huku na huku, mwenye nyumba mbele yao, jasho linamtoka. Kwenye paa walikuta saruji tupu yenye alama za duara palipokuwa na mabeseni, na katikati yake shangazi, amevaa gauni lake zuri, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Karibuni," aliwaambia. "Bustani imeteremka. Mimi niliambiwa nijifiche."

Mgeni mmoja, mama wa makamo, alimtazama mwenye nyumba, akamtazama shangazi. "Kwani ni yako? Wazo hili ulilipata wapi?"

"Kwa watu kama huyu," shangazi alisema, akimwonyesha kidole.

Mwisho wa mwezi tulifukuzwa. Mabeseni yalibaki milangoni, maana mwenye nyumba hakuweza kulifukuza jengo zima, na fundi hakupewa chumba cha mbele. Siku ya kuhama alitubebea kitanda mpaka chini. Shangazi hakumshukuru.

Chumba kipya kilikuwa cha chini, kinatazama ua wa zege uliopasukapasuka, na mwenye ua alitupokea kwa onyo: "Hapa hapaoti kitu, msije mkanichafulia." Shangazi alikuwa amechoka, amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, na safari yote nilikuwa nikiogopa kwamba amekwisha. Aliutazama ua. Akamtazama yule mtu. Nikaona uso unaanza kukunjamana, pua inapanuka, mikono inapanda kiunoni.

Nikatua mzigo nikaenda kutafuta beseni.